Chipu ya Marehemu Polikarpo

Revelian alianza kutengeneza redio za watu wa Kinyerezi tangu mtaa ule ulipokuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba, na miaka yote hiyo mkono wake haukuwahi kutetemeka. Ulianza kutetemeka mwaka huu, mbele ya kalkuleta.

Ilikuwa ya kaka yake Polikarpo, Mungu amlaze mahali pema. Polikarpo alikuwa karani wa ofisi ya Dar ya ushirika wa kahawa. Enzi hizo alinunua mbili za aina moja, zenye tarakimu nyekundu zinazowaka kama kaa, moja yake, nyingine ya mdogo wake. Kila alipokwenda nyumbani Bukoba kwa likizo alimwashia mama yao, Filomena, jikoni kwenye giza, na mama akacheka kama msichana. Siku ya kuanua tanga, ukoo ulimkabidhi Revelian kalkuleta ya marehemu mbele ya watu wote. Walisema mikono yake inajua. Kisha mama akapiga simu. Atakuja Dar kwa misa ya kumbukumbu ya mwaka. Macho yake yanafifia, na anataka azione tena zile tarakimu kabla hayajafunga kabisa.

Katika zote mbili, betri zilikuwa zimevuja siku nyingi, zikala vibati vya kuzishikia na nyaya, hata alama za chanya na hasi hazikusomeka. Revelian akaona busara ajaribu kwanza ile ya kwake. Alifuata kanuni ambayo kila fundi redio hufundishwa kabla ya kushika bisibisi: waya mweusi, yaani wa hasi, huenda ethi, ile njia ya pamoja ya umeme kwenye bodi. Ile shaba pana iliyozunguka ukingo wa bodi akaihesabu kuwa ndiyo ethi, akaunganisha mweusi hapo. Chipu, ubongo wa kalkuleta, ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya unywele ulioungua, basi.

Tangu siku hiyo alipoteza hamu ya kula. Mkewe Clara alimsikia akisali rozari peke yake kibandani, akirudia fungu moja mara kwa mara kama mtu aliyesahau amefika wapi.

"Braza Revo, unajitesa," alisema Nassibu, fundi simu wa kibanda cha jirani. "Kalkuleta si ipo hata kwenye simu ya kiswaswadu? Mwashie bimkubwa taa nyekundu yoyote ile, atajuaje?"

"Atajua."

"Na macho yale?"

"Nassibu, niache. Kaka nimemzika mara moja. Sitaki mama anione nikimzika mara ya pili."

Nassibu alikwenda kibandani kwake. Akarudi na lenzi yake ya kutazamia bodi za simu, akaiweka mezani.

Revelian aliichukua chipu iliyoungua. Juu yake palikuwa na kifuniko kidogo cha chuma. Alikipasha moto, akakipenyezea wembe ukingoni taratibu mpaka kikaachia. Chini ya lenzi aliona kitu cheusi kinachong'aa, kidogo kuliko punje ya mchele, kimejaa mistari kama viwanja vilivyopimwa, na pembeni nyuzi nyembamba zikienda kwenye kila mguu wa chipu. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, ncha zake zimeviringika. Ulikuwa wa mguu ule ule aliouunganishia waya mwekundu.

Akashika mita, akagusa miguu ya chipu mmoja baada ya mwingine. Mingi ilipitisha umeme kuelekea mguu mmoja tu, na kurudi haikupitisha. Mguu huo ulikwenda moja kwa moja kwenye ile shaba pana. Hapo alielewa: mguu huo ukitiwa hasi, umeme wa miguu mingine yote hukimbilia humo na kuichoma chipu. Katika chipu hizi za zamani, ethi ndiyo chanya. Kanuni iliyomlisha maisha yake yote, hapa ilikuwa sumu.

Lakini je, hii ya Polikarpo ni vivyo hivyo ndani? Kwa nje zilifanana. Hata watoto wa mama mmoja hufanana kwa nje. Aliipima kwa mita mara nyingi, na majibu yakawa yale yale. Bado hakuthubutu kuitia betri. Alisema leo, akasema kesho, na mama akafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Iko wapi?"

Hakutaka hata chai. Aliketi kibandani, Clara akafunga dirisha ili pawe na giza. Nassibu alisimama mlangoni, na safari hii hakuwa na utani. Revelian alipanga betri tatu za redio. Waya mwekundu akaupeleka kwenye shaba pana, na kila mshipa wa mkono wake ukimwambia anakosea. Akafanya ishara ya msalaba, akagusisha mweusi.

Hapakutokea kitu. Alisikia pumzi ya mama. Alinusa hewa akitafuta ile harufu.

Kisha sifuri moja nyekundu ikawaka upande wa kulia.

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Raha ya milele umpe ee Bwana," alisema polepole, na Clara akaitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie." Mama akabonyeza saba, saba ikatokea. Hakubonyeza tena.

"Zima," alisema.

"Iko salama, mama. Itazame tu."

"Zima, Revelian. Inaweza kuungua."

Akatoa waya. Clara alifungua dirisha, na mama akapangusa macho kwa upindo wa khanga.

"Kesho, kabla ya misa, utaniwashia tena," alisema. "Dada zako nao waione."

"Ndiyo, mama."

Revelian aliigusa chipu kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na joto, na hakuwa na njia ya kujua kama ndilo joto lake la siku zote au ni la kitu kinachokwisha. Akaifunika kwa kitambaa hadi kesho.