Miaka Kumi na Tisa Bila Masizi

Zdravka Tumbeva alikuwa amechapa nusu ya marehemu wa mji wa Pernik. Kila asubuhi wajane walimjia katika kichumba cha uchapaji kando ya hospitali, wakampa picha, naye akaiweka katikati ya karatasi, akaizungushia mstari mweusi, akaandika jina na maneno machache ya majonzi. Karatasi hizo hubandikwa milangoni, kwenye vituo vya basi, na kwenye geti la kanisa. Mwaka ukigeuka familia hurudi: mwaka mmoja bila baba, miaka mitano bila baba. Wafu wa Pernik hawaachwi wakapumzika.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa la besi. Alilichukua kwa sababu wavulana wote wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha chuma walitaka kuimba, na besi halikuwa na mwenyewe. Bendi yao, Masizi, ilipiga roki ya huzuni na kelele, isiyochezeka harusini. Ikatoa albamu mbili, kisha ikavunjika kwenye kituo cha mafuta, kwa ugomvi wa nani akae kiti cha mbele. Lyudmil, mwimbaji, akaenda Uhispania kuendesha malori. Strahil, mpiga ngoma, akawa fundi wa viyoyozi. Zdravka akalificha besi nyuma ya kabati, na kila mwaka theluji ilipoyeyuka akalibadilishia nyuzi. Hakumwambia mtu.

Miaka kumi na tisa baadaye waliirekodi albamu ya tatu katika gereji ya Strahil, Lyudmil alipokuja likizo. Ilikuwa nzuri. Zdravka alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba mvua imeanza, kabla hajatazama dirishani.

"Nina tiketi ya kurudi Jumatatu," alisema Lyudmil. "Siku ya uzinduzi safu ya mbele ikijaa, naichana, tunaendelea. Isipojaa, tusisumbuane tena. Tumezeeka."

"Umezeeka wewe," alisema Strahil. "Mimi nimenenepa tu."

Zdravka hakucheka. Alikuwa akizifikiria nyuzi zote zile.

Jumba la utamaduni liliwapa Jumamosi adhuhuri, kwa kuwa jioni zote ni za kikundi cha ngoma za asili. Jumamosi hiyo ilikuwa ya kuwakumbuka wafu, siku ambayo watu wote wako makaburini; ndiyo maana ukumbi ulikuwa wazi. Tangazo alilitengeneza Zdravka: picha yao ya zamani, mstari mweusi kuizunguka, maneno "Miaka kumi na tisa bila Masizi", mahali na saa. Alilitazama, akaona halijapungukiwa na kitu. Akayabandika matangazo mwenyewe, pale pale pa siku zote.

Siku ilipofika, Lyudmil alichungulia kwenye upenyo wa pazia.

"Pamejaa," alisema. "Lakini mbona wamevaa nyeusi?"

"Ndio watu wa roki hao," alisema Strahil.

"Yule pale ana miaka themanini."

Zdravka akachungulia naye. Mapajani mwa watu kulikuwa na maua, na vikombe vya plastiki vyenye ngano iliyochemshwa kwa sukari, ya kugawa kwa ajili ya wafu. Safu ya mbele alikaa Bibi Tsonka, jirani yao wa mtaa ule wa zamani, aliyekuwa akigonga bomba kwa mwiko ili wanyamaze kila walipofanya mazoezi. Alishika mawaridi sita. Aliye hai hupewa maua ya idadi witiri. Shufwa ni ya wafu, na hata mtoto hakosei. Hapo Zdravka akaelewa.

Pazia likafunguliwa.

"Mungu wangu!" alisema Bibi Tsonka. "Zdravka! Si umekufa wewe?"

"Bado, bibi."

"Na hao?"

"Nao bado."

"Lakini karatasi nimeiona kwa macho yangu, mwanangu! Nimepanda ngazi zote nikilia. Nikasema, watatu kwa mpigo, hiyo ni ajali ya gari tu."

"Ni albamu mpya, bibi. Nyimbo."

"Zile zile za kelele?"

"Zile zile."

"Sasa hii ngano nimpe nani?" aliuliza mzee mmoja nyuma. Viti vikaanza kukwaruza sakafu.

"Hawa hawahesabiwi," Lyudmil alinong'ona. "Wamekuja kutuzika."

Zdravka alianza wimbo wa kwanza peke yake, chini kabisa, polepole, kama mtu anayevuta kabati zito. Strahil akaingia. Mwisho Lyudmil naye akaingia, maana mwimbaji hawezi kusimama hivi hivi. Waliokuwa wameinuka wakakaa tena, mikono mapajani, walivyozoea kukaa kwenye misa ya wafu. Wakala ngano yao. Baina ya nyimbo hakuna aliyepiga makofi. Marehemu hapigiwi makofi.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Bibi Tsonka akapanda jukwaani, ngazi moja moja, akamtazama Zdravka toka utosini hadi viatuni.

"Mmekuwa wapi muda wote huo?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alichomoa waridi moja kwenye shada, akalitia mkobani, akampa matano yaliyobaki.

Lyudmil alikuwa ameingiza mkono mfukoni, akipapasa tiketi yake. Nyuma ya bibi, safu kwa safu, watu walianza kuchomoa ua moja moja.