Dodoso la Sista Pasi

Wenzake walimwita Sista Pasi kwa sababu ya yunifomu yake. Miaka kumi na tisa aliyofanya uuguzi katika nyumba ile ya kutunzia wazee, hakuna aliyewahi kuiona na kunyanzi hata moja. Watu walidhani ni nidhamu. Nidhamu gani! Alikuwa na jioni ndefu na hana wa kuzungumza naye, na mtu mwenye jioni ndefu hupiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo.

Mumewe alifariki miaka saba iliyopita. Mwanawe wa pekee alikuwa nchi ya mbali, na simu zake zilipungua kidogo kidogo: kutoka kila Jumapili hadi sikukuu, na kutoka sikukuu hadi "mama, nitakupigia." Majirani walikuwa watu wema wa salamu za mlangoni. Ukishajibu kwamba hujambo, basi, yamekwisha.

Kazini kulikuwa na Bibi Vifungo, mmoja wa wazee. Huyu alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule miaka arobaini, na sasa macho yake yalibaki yakiona mwanga tu. Alikaa peke yake chumba namba sita, chumba ambacho alikijua kwa vidole na kwa hatua: tano hadi dirishani, tisa hadi chooni, na ole wake atakayejaribu kumshika mkono. Kila asubuhi Sista Pasi alimsugua mgongo, akamtia dawa ya macho, akatandika kitanda, na muda wote huo Bibi alikuwa anazungumza. Alisimulia habari za walimu wakuu waliotaka sare mia kwa kitambaa cha sare themanini, na bwana harusi aliyeongezeka unene kati ya kupimwa na kuvaa. Sista alicheka huku mikono inakwenda. Miaka mitano sasa, hiyo ndiyo ilikuwa saa yake nzuri kwa siku nzima.

Basi akaja mtafiti. Alikuwa binti wa chuo kikuu, mrefu, mwenye mkoba mzito na sauti ya chini, na alitaka kujua mambo mawili: wazee wanatunzwaje, na wanaowatunza wenyewe wana hali gani. Hilo la pili liliwachekesha wauguzi.

"Leo tumekumbukwa na sisi," alisema mmoja wao. "Mwakani watahojiwa na vitanda."

Dodoso lilikuwa na maswali ishirini, na wazee na wauguzi waliulizwa yaleyale ili majibu yalinganishwe. Hapakuandikwa jina. Ukimaliza, unabandika stika yenye namba yako, na mtafiti peke yake ndiye mwenye orodha ya namba hizo. Majibu ya wauguzi yangebaki siri. Ya wazee pia, isipokuwa mzee akionekana yuko pabaya. Hapo Matroni, mkuu wa wauguzi, angeambiwa ili mzee huyo asaidiwe.

Kwa kuwa Bibi Vifungo haoni, Sista Pasi alimsomea.

"Swali la nane, Bibi. Mwezi huu umejiona huna mtu wa kuzungumza naye? Hata siku moja, mara chache, mara nyingi, au kila siku?"

"Hata siku moja! Si wewe upo?" alisema Bibi. "Tia alama hapo, na uikandamize hiyo kalamu."

Sista akaikandamiza. Bibi alipokuwa anakunywa chai yake, Sista akachukua dodoso lake mwenyewe, akaliegemeza kwenye kizingiti cha dirisha na kuanza kujibu. Alipofika swali la nane alisimama kidogo. Kisha akajiambia kwamba karatasi haina jina wala mdomo, akatia alama kwenye "kila siku." Maswali mengine ya namna hiyo akayajibu hivyohivyo, moyo unamwenda mbio kama mtu aliyeiba.

Hajabandika stika, ukasikika ukelele kutoka bafuni. Mzee wa chumba cha tatu ameteleza. Sista alikimbia, wakamwinua, wakamkagua, wakamlaza. Aliporudi baada ya nusu saa, mgongo unamuuma, alizikuta karatasi mbili dirishani, kalamu moja, alama za mkono mmoja. Akabandika stika haraka na kuzitia kwenye bahasha. Mtu huyu hakuwahi kukosea lebo ya chupa ya damu hata mara moja maishani mwake, kwa sababu chupa huibandika lebo palepale, mgonjwa akiwa mbele yake. Siku hiyo aliona ni karatasi tu.

Wiki mbili baadaye, kwenye kikao cha asubuhi, Matroni alisimama na barua ya mtafiti mkononi.

"Tuna mzee mmoja ana upweke mbaya sana," alisema. "Yuko hapahapa na hakuna kati yetu aliyejua. Bibi wa chumba namba sita."

Sista Pasi alielewa papo hapo.

"Jumatatu tunamhamishia jengo la pili, kwenye ukumbi wa vitanda kumi na viwili. Atapata wenzake."

"Mwenyewe anasemaje?" Sista aliuliza.

"Nimemuuliza. Anasema hana upweke wowote." Matroni akatikisa kichwa kwa huruma. "Wazee bwana, wanajua kuficha."

Makubwa haya! Bibi wa watu anasema kwa kinywa chake, hasikilizwi. Karatasi ndiyo inayoaminiwa. Na Sista alijua vizuri ukumbi ule. Asiyeona, akiwekwa kati ya vitanda kumi na viwili, hajui choo kiko upande gani. Siku za mwanzo atashikwa mkono. Kisha, kwa kuwa wauguzi wa zamu ni wawili tu, atavalishwa nepi, na baada ya miezi miwili hatasimama tena. Alishawaona watatu walioishia hivyo.

Na bado alinyamaza. Mficha uchi hazai, wanasema watu, lakini wanaosema hivyo wamevaa nguo zao. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake wajikaze wakilialia. Leo awaambie nini? Alihesabu siku: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Mara mbili alibonyeza namba ya mtafiti, mara mbili akakata kabla haijaita. Jumapili alipiga pasi yunifomu moja mara tatu.

Jumatatu asubuhi kiti cha magurudumu kililetwa. Nguo za Bibi zilikuwa zimeshatiwa kwenye mfuko. Mwenyewe alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na mhudumu alikuwa anamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole.

"Wanangu, nimewakosea nini?" aliuliza Bibi. "Kama ni kuongea sana, nitapunguza."

Hapo Sista Pasi akapiga moyo konde. Matroni alikuwa amesimama mlangoni.

"Matroni, yale majibu si yake."

"Ni ya nani?"

Kwenye korido mfagiaji aliacha kupiga deki.

"Ni yangu. Nilichanganya stika."

Hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama mtu angecheka. Walimtazama kwa macho yaleyale ambayo yeye huwatazamia wazee wapya siku wanayoletwa na watoto wao, na aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kiti kikarudishwa stoo. Bibi akabaki na hatua zake tano na tisa. Sista Pasi akaitwa ofisini, na Matroni, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwandikia likizo ya wiki mbili kuanzia siku hiyohiyo.

"Pumzika, Sista. Ukae nyumbani kidogo."

Nyumbani! Alitaka kumwambia kwamba nyumbani ndiko kwenye ugonjwa wenyewe. Akasema, "Asante, Matroni."

Siku ya pili ya likizo alishamaliza kupiga pasi kila kitu, mapazia yakiwemo. Siku ya tatu alivaa gauni la kawaida, akaenda saa kumi jioni, saa ya wageni. Akakaa kwenye kiti cha wageni cha chumba namba sita. Kiti hicho alikuwa amekisogeza na kukifuta miaka yote hiyo, na hakuwahi kukikalia.

Bibi alinyoosha mkono, akapapasa pindo la mkono wa gauni.

"Hiki si kitambaa cha kazi."

"Niko likizo, Bibi."

"Najua. Jumatatu nilikuwa hapahapa kitandani, macho ndiyo mabovu, masikio mazima." Aliliachia pindo. "Swali la nane ulijibu nini?"

Sista alifikiri kusema uongo, akakumbuka nani anamuuliza.

"Kila siku, Bibi."

Bibi aligeuza uso upande sauti ilikotoka.

"Mimi nilisema hata siku moja," alisema. "Kwa sababu yako. Kila asubuhi nilijiambia, huyu mtoto ana kazi chungu nzima, lakini anakaa na mimi. Kumbe ulikuwa kazini."

Neno hilo lilimchoma Sista. Mikono yake ikaenda yenyewe kwenye shuka, kulivuta, kulinyoosha. Bibi akaukamata mkono mmoja.

"Achana na shuka. Sema na wewe."

Alitafuta pa kuanzia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumwinua mzee aliyeanguka.

"Mwanangu hajanipigia tangu mwaka jana," alisema. "Simu naitia chaji kila jioni. Inakuwa bado imejaa, lakini naitia tu."

"Una mtoto?" Bibi aliuliza. "Miaka mitano yote hii, una mtoto?"

Kengele ya wageni ikalia. Muuguzi wa zamu alichungulia mlangoni, akamwona aliyekaa kitini, akababaika.

"Samahani, Sista. Muda wa wageni umekwisha."

Sista Pasi akainuka. Bibi hakuuachia mkono. Muuguzi alisubiri kidogo, kisha akarudia, kwa upole uleule ambao Sista Pasi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwamba wageni wote watoke.