Ziwa la Mke Mwenzangu

Nitasema mapema, maana wanaonijua watasema hata nikinyamaza: mimi nina wivu. Nilizaliwa nao Mbwara, nikaolewa nao Bungu, na mume wangu alipooa mke wa pili ulinipanda mpaka masikioni. Lakini wivu ninaotaka kuusimulia hapa haukuwa wa mume. Mume nilishamgawana. Huu ulikuwa wa mtoto.

Bi mdogo aliletwa kutoka Umwe, miaka ile biashara ilipofunguliwa na barabara yetu ikajaa mitumba na sabuni za kunukia. Mume wetu alikuwa na kibanda cha nguo kando ya barabara, na mambo yake yalikuwa yamemnyookea. Mimi nilikuwa nimekaa naye miaka kumi na moja bila kushika mimba hata ya kuharibika. Bi mdogo alipata ya kwanza kabla khanga zake za harusi hazijafuliwa mara mbili. Alipojifungua nilimpikia uji mwenyewe, na niliupika mzuri, ili mtu asije akasema.

Alipojifungua wa pili, nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Muuguzi mmoja alikuwa amenidokeza kwamba hospitalini kuna mtoto wa kike wa miezi saba. Mama yake alifariki kwa uzazi na hakuna ndugu aliyejitokeza. Nikavuka mto kwa pantoni mpaka Utete, sijamuaga yeyote. Bibi ustawi aliniuliza maswali hadi nikatokwa na jasho. Nyumba ina vyumba vingapi? Choo kipo? Unaelewana na mke mwenzio? Hilo la mwisho nililijibu upesi kuliko yote.

"Tunaishi kama mtu na mdogo wake," nikasema.

Alikuja nyumbani mara tatu. Akatazama chumba changu, akakishika chandarua changu, akazungumza na mwenyekiti wa kijiji na mume wetu. Mume hakukataa. Ila bibi ustawi alipoondoka mara ya tatu, mume alinipa sharti.

"Mtoto wa kike, na si damu yangu," alisema. "Akivunja ungo mimi ni mtu kando kwake, itabidi ajistiri mbele yangu humuhumu ndani. Bi mdogo ananyonyesha. Ampe ziwa, mtoto awe wetu kisheria ya Mungu. Bila hivyo, siwezi."

Tukaenda kwa mwalimu wa madrasa. Akatueleza taratibu, kama anayefundisha watoto: mara tano, na kila mara mtoto anyonye mpaka ashibe, aliachie ziwa mwenyewe. Zikitimia tano, bi mdogo ni mama yake, watoto wa bi mdogo ni ndugu zake, na mume wetu ni baba yake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ni mke wa baba yake."

Kwenye fomu za bibi ustawi nilikuwa nimeandikwa mama mlezi, kwa wino na muhuri. Kwa mwalimu nikawa mama wa kambo wa mtoto niliyemvukia mto mwenyewe.

Mtoto akaja. Alikuwa na meno mawili na kichwa chake kilinukia sabuni ya wodini. Mimi nilimnywesha kwa chupa, na alinywa huku macho ameyatoa, akitazama dari. Siku ya pili bi mdogo akakaa kwenye mkeka akampakata, na mimi nikakaa mbele yao kuhesabu. Kwanza mtoto aligeuza uso. Nilifurahi, sitasema uongo. Kisha akalishika ziwa, akaweka kiganja kifuani kwa bi mdogo, akafumba macho. Chupa yangu hakuwahi kuifumbia macho.

Mara ya kwanza nilivumilia. Ya pili na ya tatu nilikuwa nakwangua mkeka kwa kucha. Ya nne mtoto aliposhiba alicheka, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, na bi mdogo akampangusa kwa ncha ya khanga yake, taratibu, bila haraka, kana kwamba ni wake. Ya tano ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Hazikupita dakika mbili, nikapenyeza kidole mdomoni mwa mtoto nikamtoa.

"Ameshiba," nikasema.

Mtoto akapiga yowe. Bi mdogo alinitazama, akajifunga khanga yake, akainuka. Mume aliporudi kutoka kibandani nilimwambia tano zimetimia. Akachinja kuku wawili, watoto wa madrasa wakaja wakala pilau, nami nikala sahani mbili. Nilijiona mjanja: mtoto nimempata, na bi mdogo hakumpata.

Lakini ulimi wa mtoto hauna fomu. Aliwasikia wale wenziwe wakisema "mama" upande ule wa ua na "mama mkubwa" upande wangu, naye akafuata. Alilala kitandani kwangu, nywele nilimsuka mimi, sare ya shule nilimshonea mimi. Akiumwa sikio, "Mama mkubwa, naumwa." Mara ngapi nilimkalisha chumbani nikamwambia mama yako ni mimi? Akaitikia, "Ndiyo, mama mkubwa." Bi mdogo akimpa kipande cha samaki, mimi nilimpa viwili. Akimchana nywele, nilizifumua nikazichana upya. Jirani mmoja alinitania kwamba yule mtoto atapata upara kwa ajili yangu.

Akavunja ungo. Siku chache baadaye mume wetu alirudi kutoka msikitini, na binti akampelekea maji, kichwa wazi, akamkalia karibu, na yule mzee akampapasa nywele zake. Nilikuwa nachambua mchele, nikauweka kando. Mimi peke yangu, nilivyodhani, nilijua kwamba yule si baba yake. Nikisema, binti atakuwa mtu kando na huenda asilale tena chini ya paa lile. Nikinyamaza, kila siku namtia kwenye kosa asilolijua. Wivu wangu wa asubuhi moja ulikuwa unataka kuninyang'anya mtoto.

Nilihangaika wiki nzima. Mwishowe nikamfuata bi mdogo uani, anakuna nazi.

"Ile mara ya tano haikutimia," nikamwambia. "Nilimtoa kabla hajashiba."

"Najua, bi mkubwa." Hakuacha kukuna.

"Unajua, na umenyamaza miaka yote?"

"Ulipokwenda bondeni kuamia ndege kwenye mpunga, si uliniachia yeye? Alilia, chupa akaitupa. Nikampa ziwa mpaka akaliachia mwenyewe. Kesho yake nikampa tena. Msimu mzima ule nilimpa. Sikuhesabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia usingekwenda tena shamba. Mpunga wote ungeliwa na ndege."

Nikasema alhamdulillahi, kwa sauti. Mtoto alikuwa salama, mume wetu alikuwa baba yake kwelikweli, nyumba ilikuwa haijavunjika. Na hapohapo, juu ya ile nafuu, wivu ukapanda kama zamani. Mimi kule juu ya dungu napiga debe nafukuza ndege, nikijua mwanangu ananingoja, kumbe amelala kifuani kwa mwenzangu. Nilihesabu mara nne nikaumwa. Kumbe zilikuwa hazihesabiki. Nikamuuliza swali ambalo hata sasa naona aibu kuliandika.

"Alikuwa akifumba macho?"

"Nani?"

"Mtoto. Akinyonya."

Bi mdogo aliiweka nazi kwenye ungo. Akanitazama vilevile kama asubuhi ile ya Alhamisi.

"Hapana," akasema. "Alikuwa akitazama mlangoni."

Sikumuuliza tena, na sijui kama alisema kweli. Kama ni uongo, basi mke mwenzangu alinishinda na hapo pia.