Mume Wangu Anataka Bunduki, na Mimi Ndiye Naulizwa Kama Ana Hasira

Admin, naomba uposti ila jina langu libaki huko huko inbox, na mkoa wetu usiutaje. Nina miaka 33, Mtanzania, mama wa watoto wawili, nafanya kazi za ndani kwa madam mmoja hapa Al Mankhool, Dubai. Naandika nikiwa nimejifungia chumba cha kufulia, nina hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Na asije mtu hapa kuniambia "dada piga goti uombe". Magoti yangu yameshaota sugu.

Ni hivi. Mume wangu anataka kununua bunduki. Si gobole la kienyeji, ni shotgun ya zamani ya mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akiwapeleka wageni kuwinda. Alinitumia picha WhatsApp, amekaa barazani kwa huyo mzee kaipakata kama mtoto mchanga. Mbao imeng'aa, ubavuni imechorwa ndege, ina umri kunizidi mimi. Akaniwekea na sauti ya kuisifia: "Hii inajikoki yenyewe, mama. Unafyatua, risasi ya pili ishajipanga, unafyatua tena. Siku hizi hawatengenezi kitu kama hiki." Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia na furaha ile, hata siku nilipomzalia.

Sababu yake ni nguruwe pori, na hapo sisemi uongo, nguruwe wapo na wanatumaliza. Mama mkwe alinipigia analia: "Wewe unakula kuku Dubai, mimi mzee mzima nakesha shambani kupiga madebe. Mruhusu mumeo anunue silaha tuvune na sisi." Ningekuwa na mume mwingine ningesema nunua hata mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kabla sijaja huku, mume wangu alinipiga panga la mgongoni, kwa ubapa, kisa nimechelewa kurudi msibani. Lilivyoteleza likanichana bega. Nilipofika zahanati nesi akaniambia nikachukue fomu ya PF3 polisi kwanza, ndipo anitibu. Nikamjibu ya nini, nimeangukia jembe. Tumefundwa hivyo jamani, siku ya kuolewa unakalishwa mkekani unaambiwa ya chumbani yaishie chumbani, na mimi mjinga nikayashika yote. Wazazi wangu niliwaambia jembe. Mchungaji nilimwambia jembe. Leo mume wangu hana doa kokote, na aliyemsafisha ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Juzi akanipigia mtendaji wetu wa kijiji. Anasema maombi ya kibali yamefika mezani kwake, majirani wameshamsifu, amebaki mke tu, maana kamati lazima imuulize mwenza kama mwombaji ni mtu wa hasira. Nikamwambia baba, naomba unipigie pembeni ukiwa peke yako. Akacheka! "Mama, sisi hapa tunafanya mambo kwa uwazi. Jumatatu saa nne kamati inakaa, nitakupigia nitaweka spika, na mumeo, mzee wa nyumba yako, atakuwepo." Uwazi! Mwanamke anaulizwa kama mumewe anampiga, na mumewe amekaa hapo hapo anasikiliza, eti uwazi. Huyo mtendaji akili zake anazijua mwenyewe.

Nikampigia mume wangu. Nikamuuliza bila kuzunguka, hiyo bunduki ni ya nguruwe tu? Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ukirudi tutaheshimiana." Kisha akaniulizia madam amesema tiketi ni lini. Maana anajua narudi. Madam anahama nchi miezi miwili ijayo, ameshasema khalas, basi, mkataba haongezi, na kazi nyingine sijapata.

Hapa chini kwenye jengo kuna mlinzi Mkenya, Akinyi, ndiye rafiki yangu pekee. Nilivyomweleza alinipandishia: "Wewe uko serious kweli? Sema ukweli, wamnyime! Ukinyamaza hiyo kitu itakungoja kwa nyumba." Nikamwambia, na watoto walio naye? Akasema si uwatoe kwanza. Niwatoe vipi nikiwa Dubai, nimtume nani? Mama yangu ni mgonjwa wa miguu, na kaka yangu ndiye rafiki mkubwa wa mume wangu, wanakunywa meza moja. Tukagombana mpaka nikapanda juu bila kuaga. Leo nampita mlangoni hatusalimiani, na najua anachosema ni kweli, ndiyo maana kinaniuma.

Madam naye ameniuliza leo kwa nini nimeunguza shati la sir, mumewe. Nikasema sorry madam. Ningemwambia nini?

Nikisema ana hasira, kibali hakitoki, na saa hiyo hiyo anainuka pale kwenye kamati anarudi nyumbani na hasira zake. Binti yangu ana miaka kumi na moja, mdogo wake sita. Mimi nitakuwa huku napiga simu isiyopokelewa. Nikisema ni mpole, nimemkabidhi bunduki kwa ulimi wangu, na baada ya miezi miwili nalala naye kitanda kimoja.

Leo ni Ijumaa. Wanaojua sheria, wanaojua njia ya kuwatoa watoto kabla ya Jumatatu, semeni. Wa kunitukana nao watukane, ila wakimaliza wanijibu. Mtendaji ataniuliza, "Mama, mume wako ana hasira?" Spika imewashwa, yeye yupo, wanangu wako nyumbani wanamsubiri. Nimjibu nini?