Jina Ndani ya Kola

Nilipokuwa mdogo kule Tanga tulikuwa na paka wa rangi ya majivu. Nasema tulikuwa naye kwa mazoea tu, maana alikuwa na nyumba tatu na kila nyumba ilimpa jina lake. Akiitwa, anakuja na njaa mpya. Bibi akasema, "Mwacheni huyo, mwenye majina mengi halali na njaa." Shule niliiacha darasa la tatu, lakini hilo nililishika.

Paka huyo alinirudia uzeeni, hapa Johannesburg, mjini kati, ghorofa ya pili ninaposhona, na juu yetu kanisa linaimba hata Jumanne. Aliingia mama mmoja Mfaransa, mvi kichwa kizima, na sketi ya kupunguza kiuno. Kiswahili alikiokota Bujumbura. Nikamwuliza jina, niandike kikaratasi cha kubana na pini.

"Lipi, fundi? La gazetini ni jingine, la riwaya za mapenzi jingine, na la riwaya zangu nzito ni la mwanamume."

"Na la mumeo?"

"Nilimrudishia."

Nikachora paka. Yakaisha.

Akazoea kuja. Alikaa juu ya mafurushi ya vitambaa, jua la kipupwe likiingia dirishani, vumbi la nyuzi likielea. Mara nyingine nilisinzia mguu ungali kwenye cherehani, nikimsikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Mpiga pasi wetu alikuwa Mrundi, mtu mzima, mpole. Sisi tulimwita Pasi, hakuna aliyeuliza zaidi. Huyo alimsimulia yule Mfaransa jinsi yeye alivyokimbia kwao, kidogo kidogo, siku nyingi, kwa sharti moja.

"Andika yote, mama, ila jina langu lisiwemo. Wapo wanaonitafuta mpaka leo."

"Nitakupa jingine. Majina ndiyo kazi yangu."

Kumbe yake yote yalikuwa ya Kifaransa. Siku moja Pasi alipotoka kuchota maji, yule mama akaninong'oneza, "Fundi, nipe jina la Kirundi. La yeyote."

Koti la Pasi lilikuwa msumarini. Fundi huangalia kola kwanza, mkono unakwenda wenyewe. Ndani palishonwa jina kwa uzi mwekundu. Koti lenyewe limechakaa, mimi nikajua ni mtumba, na jina la ndani ya mtumba siku zote ni la mtu usiyemjua. Nikamsomea herufi moja moja. Akalipenda.

Zikapita baridi mbili. Akaja na kitabu kimechapwa, jina la mwanamume juu ya jalada, anang'aa kama bibi harusi. Akatusomea kwa Kifaransa. Mimi sikuelewa neno, niliifuata tu ile sauti, mpaka lile jina likapita, mara moja, mara mbili.

Pasi akaisimamisha pasi.

"Mzee, hilo limetoka wapi?"

"Kwenye koti lako. Si mtumba?"

"Ni langu. Alilishona mama yangu."

Mfaransa akafunga kitabu. "Nitawaambia wachapishaji walibadilishe."

"Kimeshauzwa, mama?" Pasi akauliza.

Akakitazama kibandiko cha bei nyuma ya jalada. Pasi akachomoa waya ukutani, akakunja shati alilokuwa akilinyoosha, mikono kwanza, kama kawaida yake. Akavaa koti. Nikamwita, "Mwanangu, ngoja." Akaniinamia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akashuka ngazi. Dirishani nikamwona amesimama kwenye robot, taa za barabarani za huku, anasubiri pamoja na watu. Ikawaka kijani, akavuka.