Mshipa wa Pili

Tulimwita Penseli kwa wembamba wake kwanza, kazi baadaye. Alichora picha za vitabu vya chuo cha madaktari, nami kwenye meza ya pili nilipiga chapa maelezo yake. Alitumia bluu kwa mishipa inayorudisha damu moyoni, nyekundu kwa inayoitoa. Profesa akisema futa, anafuta. Kununa nilinuna mimi kwa niaba yake.

Dirishani kwetu ilikaa chupa ya chai ambayo hakuitumia wala hakuruhusu iondolewe. Nilimtania kwamba ameioa. Alikuwa mjane, alitabasamu tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ikaja picha ya shingo, ya kuwafundisha wapasuaji wa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Kila upande tezi ina mshipa wa juu, wa chini na wa kati. Huo wa kati ni mfupi, na ukivuta tezi kabla hujaufunga, unachanika. Penseli akachora wa kati miwili upande wa kushoto.

Profesa akaagiza wa pili ufutwe, usije ukawachanganya wanafunzi. Penseli akashika ufutio, kisha akauweka mezani.

"Huu ni wa mke wangu, Profesa," akasema. "Waliufunga mmoja, wakavuta. Hakuna aliyejua kuna mwingine."

Akaeleza, macho yakiwa dirishani, kwamba siku ya upasuaji alingoja mlangoni na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, maana mkewe alimwambia akizinduka atakuwa na kiu. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na utani wangu.

Profesa alivuta kiti, akakaa, halafu akaniambia nipige chapa: "Huenda ikawa miwili. Tafuta wa pili kabla ya kuvuta."

Kitabu kilitoka. Mwaka uliofuata daktari mmoja wa kike aliingia ofisini, alama za barakoa bado ziko mashavuni, akamwambia Penseli kwamba asubuhi hiyo wamekuta miwili.

"Mgonjwa anaongea?" Penseli akauliza.

"Anaongea. Ameomba maji."

"Wangu naye angeomba," akasema. Sijapata kuona mtu aliyemkumbuka mwenzake namna ile, baada ya miaka yote hiyo.

Akaichukua chupa dirishani, akaisuuza mara tatu, akaijaza maji ya uvuguvugu, akampa daktari ampelekee.