Kanali Mizinga na Sikio la Ualimu

Ujana wake wote aliumalizia kwenye kikosi cha mizinga, na katika miaka yote hiyo hakuna adui aliyepata hata mchubuko kwa mkono wake. Nchi ilikuwa na amani, kwa hiyo mizinga ilikuwa na kazi ya kupokea wakubwa na kuzika wakubwa. Kiongozi wa nje akishuka kwenye ndege, inalia. Jenerali akishushwa kaburini, inalia. Yeye alisimama kando ya mizinga hiyo, kifua mbele, masikio wazi, maana aliamini kuziba masikio ni mambo ya raia. Alipopata ukanali, sikio la kushoto lilikuwa limeshafunga duka, na la kulia likifungua nusu siku.

Hakumwambia mtu. Jeshini wala haikumsumbua: kule mkubwa husema, mdogo ndiye husikia.

Kisha wanachuo wa chuo kimoja cha ualimu wakagoma kwa sababu ya chakula kibovu, na waziri akaona dawa yao ni mtu wa mizinga. Kanali akastaafu Ijumaa, Jumatatu akawa mkuu wa chuo.

"Baba watoto, ualimu unaujua?" mkewe alimuuliza huku akimpigia pasi suti.

"Asubuhi na mapema," alijibu.

Mkewe akamtazama, akaendelea na pasi.

Kikao cha kwanza, mwalimu wa taaluma alisimama akaeleza kwa kirefu jinsi msimamizi wa jiko anavyobeba mafuta na mchele kwenda nao kwake. Kanali alitikisa kichwa kwa makini mpaka midomo ya yule mwalimu ilipotulia. Akasema, "Sawa. Endeleeni hivyo hivyo." Msimamizi wa jiko, aliyekuwa ameketi pale pale, aliitii amri hiyo kwa moyo wote.

Mambo yaligeuka siku alipokwenda kumkagua binti mmoja wa chuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya jirani. Kanali alikaa dawati la nyuma. Binti akafundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, na Kanali hakuambulia neno. Kwa kukosa la kufanya, akawaangalia watoto. Somo lilipokwisha, binti alimjia na andalio lake la somo kwapani.

"Mkuu, umelionaje somo?"

Swali hilo hulijua kila aliyewahi kukaguliwa, na Kanali alilisoma usoni. "Yule wa dirishani alikuacha ulipogeukia ubao," alisema. "Hakurudi tena. Na yule mwenye sweta lililochanika alikuwa na jibu tangu mwanzo. Hukumtazama hata mara moja."

Binti alilia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Habari zikaenea kwamba mkuu yule hasikilizi maneno ya mwalimu, anawasoma watoto. Wasomi walikuja kumwona, na uliokuwa uziwi ukapewa jina la nadharia. Akaitwa kwenye makongamano. Profesa mmoja alimuuliza swali lenye vituo vitatu vya kupumzikia, na Kanali, ambaye hakupata hata kituo kimoja, alijibu, "Jibu umelibeba mwenyewe ndani ya swali lako." Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Profesa mwenyewe alipiga kuliko wote.

Aliyeharibu ni bintiye, muuguzi, aliyemletea kifaa kidogo cha kusaidia kusikia.

Kanali akaanza kusikia, na alichosikia hakikumfurahisha. Alisikia wanachuo wake madarasani wakiwajaza watoto uongo kwa sauti tamu. Alimsikia makamu wake, aliyezoea kuketi upande wa kushoto, akinong'ona, "Hili gogo litaondoka lini?" Na mwalimu wa taaluma aliporudia malalamiko yake yale yale kuhusu jiko, Kanali aliyasikia yote, akamfukuza kazi msimamizi siku hiyo hiyo.

Bahati mbaya, msimamizi alikuwa shemeji yake waziri.

Simu ilikuja kabla ya mchana. "Kanali," waziri alisema kwa upole, "nasikia siku hizi unasikia."

"Nasikia, mheshimiwa."

"Pole sana."

Aliagwa kwa heshima zote, kwa cheti na saa ya ukutani. Makamu akapanda kiti, jiko likarudi kwa mwenyewe. Nadharia nayo waliihifadhi: wakaguzi wote wapya sasa hufundishwa kukagua somo wakiwa na pamba masikioni. Kuhusu kuangalia watoto, mada hiyo haikupata nafasi kwenye ratiba.

Nyumbani, mkewe alimvumilia wiki chache akizunguka sebuleni kurekebisha redio, kisha akamfungulia mlango. "Nenda kakae na watu," alimwambia. Kanali akaenda shule ya msingi ya mtaani, akaomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la hesabu, akapewa. Huenda huko karibu kila siku, kifaa sikioni, anasikiliza. Mara nyingine hunyoosha mkono. Mwalimu humchagua kwa nadra, maana akisimama hujibu kwa urefu, na kengele huwa haimngojei.